Kwa Kiasi Fulani: Kielezi cha Kiingereza na Hatima ya Hukumu katika Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Yeyote anayesoma tasnifu za fasihi ya Kiswahili zinazoandikwa katika vyuo vikuu vya Kenya hachelewi kukutana na kauli hii: mtunzi amefaulu kwa kiasi fulani. Akiendelea kusoma ataambiwa kwamba wahusika wamechorwa kwa kiwango fulani cha uhalisi, kwamba maudhui yameshughulikiwa vya kutosha, na kwamba lugha ya mwandishi ni nzuri kiasi. Akifika mwisho atakuwa ameyajua majina ya wahusika wote, msuko wa kazi yote na nadharia iliyouongoza utafiti. Jambo moja tu litakuwa limemponyoka: kama kazi iliyohakikiwa ni nzuri au ni mbaya, na kwa sababu gani.

Makala haya yanadai kwamba kasoro hiyo si ya mtindo tu. Chanzo chake kimojawapo ni kielezi cha Kiingereza "fairly", pamoja na jamaa zake "quite", "rather" na "enough", yaani vielezi vinavyoeleza kadiri ya wastani au ya kutosheleza. Wahakiki wa Kiswahili husoma nadharia kwa Kiingereza, hufikiri hukumu zao kwa Kiingereza, kisha huziandika kwa Kiswahili. Katika safari hiyo kielezi hufika, lakini kipimo kilichokipa maana hubaki kilikotoka. Matokeo yake ni lugha ya uhakiki ambayo ina sura ya kupima ilhali haipimi chochote. Aidha, makala yanadai kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya mkopo huo, kwa kuwa kina njia zake za kueleza kadiri, na njia hizo humdai msemaji zaidi kuliko kielezi cha kigeni.

Kielezi hicho katika Kiingereza chenyewe

Si haki kulilaumu neno la watu kabla ya kulielewa. "Fairly" limetokana na kivumishi "fair", ambacho katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kitu kizuri, cha kupendeza macho. Baadaye kivumishi hicho kilichukua pia maana ya haki, ya jambo lisilo na upendeleo. Kielezi kilichozaliwa nacho kikawa na maana ya "vizuri", ya "kwa haki", na katika matumizi mengine hata ya "kabisa". Maana ya "kiasi" ilikuja nyuma ya hizo. Hata leo maana ya haki ingali hai: hakimu akisemwa kuwa ameamua "fairly", hakuna Mwingereza anayedhani kwamba ameamua nusunusu.

Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1985, wanavigawa vielezi vya kadiri katika makundi mawili makuu, yaani vinavyokuza na vinavyopunguza. Ndani ya kundi la pili wanatenga vile ambavyo vinaweza kuitwa vielezi vya maafikiano. Vielezi hivyo hulipunguzia neno nguvu yake kidogo bila ya kulikanusha. Wanaotumia vielezi hivyo hawaviangalii kama maji yasiyo na rangi. Thomson na Martinet, ambao sarufi yao ya mazoezi ya mwaka 1960 imewafunza Kiingereza wanafunzi wa nchi nyingi, wanaeleza kwamba "fairly" huambatana na sifa inayopendeza, na "rather" na sifa isiyopendeza. Maji yakiwa "fairly warm", msemaji ameridhika nayo, pengine kwa kuwa anataka kuoga. Maji yayo hayo yakiwa "rather warm", yamemkera, pengine kwa kuwa alitaka ya kunywa. Joto ni lile lile. Kilichobadilika ni hukumu ya msemaji. Kwa hiyo kielezi kinachodhaniwa kuwa cha wastani hubeba upande.

"Quite" lina mitego zaidi. Likiandamana na sifa inayokubali kuzidi na kupungua, Mwingereza hulitumia kwa maana ya wastani. Likiandamana na sifa isiyokuwa na daraja, humaanisha "kabisa". Aliye "quite dead" amekufa kabisa, hakufa kiasi. Isitoshe, Mmarekani akiisifu riwaya kuwa ni "quite good" mara nyingi huwa ameisifu sana, ilhali Mwingereza anayetamka maneno hayo hayo huenda ameipa alama ya katikati, tena kwa kusitasita. Msomi wa Nairobi au Eldoret anayesoma tahakiki kutoka nchi zote mbili hana budi kujua ni nani anayesema kabla ya kujua amesema nini.

Yote hayo yanathibitisha jambo moja. Kielezi cha kadiri hakipimi kwa nguvu zake chenyewe. Hutegemea kipimo ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukubaliana: desturi ya mapitio ya vitabu, mazoea ya watahini, sauti ya anayesema, na upande unaofahamika bila ya kutajwa. Mwingereza anaweza kusema machache kwa sababu jamii yake ya wasomaji humjazia yaliyobaki.

Kilichofika na kilichobaki

Kielezi hicho kinapoingia katika uhakiki wa Kiswahili huvaa mavazi ya "kwa kiasi fulani". Inafaa kuyachunguza maneno hayo mawili moja moja, kwa kuwa mazoea yamewafanya watu wasiyasikie tena.

"Kiasi" ni neno lenye heshima. Asili yake ni Kiarabu, kutokana na kitendo cha kupima jambo kwa jambo jingine. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hulitumia neno hilo la Kiarabu kwa hoja inayolinganisha tukio jipya na lile lililokwisha kutolewa hukumu. Katika Kiswahili limezaa dhana ya kipimo halisi na pia ya maadili. Mtu wa kiasi ni mtu anayejizuia, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 inayojulikana kama Union Version imelitia neno hilo miongoni mwa matunda ya Roho katika Waraka kwa Wagalatia. Kula kwa kiasi si kula kidogo. Ni kula kwa kipimo kinachojulikana na mlaji. Kwa hiyo "kiasi" lenyewe halina hatia. Linaita kipimo na kukidai.

Hatia iko katika "fulani". Katika Kiswahili neno hili hutumika pale ambapo jina lipo lakini msemaji hataki kulitaja, halijui, au haoni haja ya kulitaja. Mtu fulani alikuja. Mahali fulani palitokea jambo. Likiwekwa mbele ya "kiasi", kipimo huitwa kisha kufichwa papo hapo. Anayesema kwamba mtunzi amefaulu kwa kiasi fulani amesema kwamba kiasi kipo na kwamba hatakitaja. Mteja akienda dukani akaomba kiasi fulani cha sukari, mwenye duka atamwuliza kilo ngapi. Hatampimia mpaka ajibiwe. Mtahini wa tasnifu, kwa upande wake, husoma sentensi ya namna hiyo akaipitisha bila ya swali.

Mazoea haya yanaanzia mapema. Swali la mtihani wa fasihi huulizwa kwa mfano wa Kiingereza: "Ni kwa kiasi gani mwandishi amefaulu katika kuyashughulikia maudhui ya ufisadi?" Swali lenyewe ni halali, maana linaulizia kipimo. Mwanafunzi naye hujibu kwamba amefaulu kwa kiasi kikubwa, kisha huorodhesha matukio ya ufisadi yanayopatikana kitabuni. Orodha hiyo inathibitisha kwamba maudhui yamo. Haithibitishi kwamba yamefaulu, seuze kwa kiasi kikubwa. Lakini alama hupatikana, na fomula hupanda naye kutoka kidato hadi chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu hadi kwenye ukumbi wa mihadhara ambako sasa ni yeye anayewafunza wengine.

Hali kadhalika "enough" limezaa "vya kutosha". Ni nadra tasnifu kukosa kusema kwamba utafiti wa kutosha haujafanywa kuhusu mada yake. Kitenzi "kutosha" katika Kiswahili hakikubali kukaa peke yake kwa amani. Unga unawatosha watu watano; nguo inamtosha mtoto; nauli inatosha kufika Kisumu. Lazima kuwe na mtoshwa au lengo la kutosheka. Utafiti wa kutosha ni wa kumtosha nani, kwa kufikia wapi? Mtafiti akilijibu swali hilo atalazimika kueleza ni nini ambacho waliomtangulia walikifanya na ni wapi walikoishia, na huko ndiko kuyapitia maandishi kwa maana yake halisi. Asipolijibu, "vya kutosha" humtolea kisingizio cha kutowasoma.

Jinsi Kiswahili kinavyopima

Watetezi wa fomula hizi hudai kwamba Kiswahili ni maskini wa vielezi vya kadiri, na kwamba tafsiri ya neno kwa neno ni ya lazima mpaka lugha ikomae. Dai hilo linatokana na kulitafuta jambo mahali lisipowekwa. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina safu ndefu ya vielezi vya maafikiano mfano wa Kiingereza. Hakikuvihitaji, kwa kuwa kadiri hukaa zaidi katika kitenzi na katika kauli nzima.

Mpishi hasemi kwamba mchuzi una chumvi kwa kiwango fulani. Husema imekolea, au haijakolea, au imezidi. Na usipokuwa na ladha kabisa husema ni chapwa. "Kukolea" ni kitenzi kinachotaja kadiri ya kutosheleza na lengo lake kwa pamoja: chumvi imefika pale inapotakiwa na ulimi. Fundi cherehani naye hasemi kwamba nguo imemfaa mteja kiasi. Husema inambana kwapani, inampwaya kiunoni, au imemkaa. Kila kimoja cha vitenzi hivyo kinataja umbali kutoka kwenye kipimo, upande wa kosa, na mara nyingi mahali pa kosa. Mteja akiambiwa hivyo anajua pa kupunguza na pa kuongeza. Mtunzi anayeambiwa kwamba amefaulu kwa kiasi fulani hajui aanzie wapi.

Palipo na haja ya kupunguza nguvu ya sifa, lugha ina njia zake. Mgonjwa anayepata nafuu "hajambo kidogo", na aliyeuliza huelewa kwamba hatari imepita ingawa kupona bado. Lakini mtu akisemwa kuwa "ana kiburi kidogo", hilo "kidogo" ni la adabu, wala halipunguzi kiburi chenyewe. Waliopo huelewa kwamba kiburi kipo tele. Tofauti ambayo Kiingereza huigawa baina ya "fairly" na "rather", Kiswahili huipata kwa neno moja na muktadha wake. "Si haba" nayo hupima kwa kukana upungufu, na ndani yake mna shukrani: mavuno si haba, kazi si haba. Kitambaa chenye wekundu usiokolea ni chekundu chekundu. Maji yasiyo ya moto wala ya baridi ni ya uvuguvugu. Lugha yenye hazina kama hii haiwezi kuitwa maskini wa kadiri. Maskini ni uhakiki unaoipita hazina hiyo ukaenda kukopa.

Inafaa kuongeza kwamba mapinduzi makubwa ya mawazo katika uhakiki wa Kiswahili hayakuletwa na watu wa kiasi fulani. Amri Abedi aliposhika kalamu kuandika sheria za kutunga mashairi, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1954, alizitaja kama sheria. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliutetea uhuru wa kutunga bila ya vina na mizani kwa maneno na kwa tungo zenyewe. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu, mwaka 1988, aliwakabili wataalamu wa kigeni waliouhusisha mno ushairi wa Kiswahili na Uarabu, akaueleza kama mali ya Waswahili. Msomaji anaweza kutokubaliana na kila mmoja wao. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anajua hasa asichokubaliana nacho. Mgogoro wa ushairi uliwafunza wasomi wa Kiswahili mengi kwa kuwa kila upande ulisimama mahali panapoonekana.

Hoja za upinzani

Hoja ya kwanza ya upinzani ni ya uangalifu wa kitaaluma. Husemwa kwamba mtaalamu hapaswi kutoa hukumu kali, na kwamba "kwa kiasi fulani" ni alama ya unyenyekevu mbele ya ushahidi. Unyenyekevu ni sifa njema, ila una lugha yake. Mtaalamu mwangalifu huweka mpaka: dai hili linahusu sura tatu za mwanzo, si riwaya nzima, linahusu wahusika wa kiume, si wa kike, linahusu toleo la kwanza, si lile lililosahihishwa. Mpaka wa namna hiyo humfunga aliyeuweka, kwa sababu mtu mwingine anaweza kwenda kuukagua. "Kwa kiasi fulani" haimfungi mtu yeyote. Akionyeshwa kasoro za kazi aliyoisifu atasema hakusema amefaulu kabisa. Akionyeshwa uzuri wake atasema hakusema ameshindwa. Kauli isiyoweza kukosolewa si kauli ya uangalifu.

Hoja ya pili ni ya adabu. Jamii za Waswahili, husemwa, hazipendi kumkabili mtu uso kwa uso. Mafumbo ndiyo desturi. Hoja hii inawadhulumu Waswahili wenyewe. Fumbo ni silaha kali. Hufumbiwa mjinga, mwerevu hulifumbua, na akishalifumbua anajua amepigwa wapi. Ndiyo maana washairi wamejibizana kwa mafumbo tangu kale na majibizano yao yakakumbukwa. Fomula ya "kiasi fulani" haina kitu cha kufumbuliwa ndani yake. Ukiimenya unakuta ganda jingine.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wapo wanaokumbusha kwamba uhakiki wa Kenya ulikulia katika miaka ambayo neno lilikuwa na gharama. Abdilatif Abdalla alifungwa baada ya kijitabu chake Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka uo huo ambao Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Katika hali kama hiyo, husemwa, mwalimu wa fasihi aliyejificha nyuma ya kielezi alikuwa akiilinda kazi yake na watoto wake.

Hakuna mwenye haki ya kuwacheka waliojilinda. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, huwageukia wanaoitumia. Kwanza, kifungu kilichoiruhusu chama kimoja peke yake kilifutwa mwaka 1991, na bado kielezi kiko pale pale, tena katika tasnifu zinazohakiki hadithi za mapenzi na mashairi ya watoto, ambazo hazikumtisha mtawala yeyote. Pili, waliolipa gharama hawakuandika kwa kiasi fulani. Mojawapo ya mashairi mashuhuri ya Sauti ya Dhiki linaitwa "Siwati", neno la Kimvita lenye maana ya "siachi". Hapo hapana asilimia.

Diwani hiyo inafaa kuwa mfano wa kile kinachodaiwa na makala haya. Mhakiki wa fomula ataandika kwamba Abdalla amezingatia arudhi kwa kiasi kikubwa na kwamba ni mwanamapinduzi kwa kiasi fulani. Sentensi hiyo haiwezi kuwa ya uongo, na kwa sababu hiyo haina faida. Swali lenyewe ni gumu na la kuvutia zaidi: mshairi aliyefungwa kwa kuipinga serikali alichagua kushika kanuni za kale za vina na mizani. Je, kanuni hizo zilimbana au zilimhifadhi? Anayedai kwamba zilimbana aonyeshe ubeti ambamo neno limeletwa kwa ajili ya kina tu, maana ikadhoofika. Anayedai kwamba zilimhifadhi aonyeshe jinsi umbo lililozoeleka na wasikilizaji wa Mombasa lilivyolipa neno la mfungwa mamlaka ambayo maandishi ya nathari yasingeyapata. Mmoja wao anaweza kuwa amekosea. Ndiyo faida ya kusema.

Hitimisho

Dawa iliyo karibu haihitaji kamati ya istilahi. Kila msimamizi wa tasnifu, anapokutana na "kwa kiasi fulani", "kwa kiwango fulani", "kiasi" au "vya kutosha", aulize maswali matatu pambizoni: ni kiasi gani, kwa kipimo kipi, na ushahidi uko ukurasa gani. Mwanafunzi akiweza kuyajibu, majibu yake yachukue nafasi ya kielezi. Asipoweza, sentensi ifutwe, kwa kuwa haikuwa na jambo la kusema. Mtahini aliyezoea kuipitisha sentensi hiyo ajiulize naye ni kwa kipimo kipi alimpa mwanafunzi alama.

Wafasiri nao wana wajibu wao. "Fairly" lisitafsiriwe kabla ya kujulikana ni lipi: la haki, la uzuri, la ukamilifu au la wastani; na likiwa la wastani, ijulikane msemaji ameridhika au amelalamika. Mara nyingi itaonekana kwamba Kiswahili hakihitaji kielezi hata kidogo, bali kitenzi kinachofaa.

Uhakiki wa Kiswahili ulilichukua kutoka Kiingereza neno lenye maana mbili, ya kiasi na ya haki, ukaishika ile ya kiasi na kuiacha ya pili. Ile ya pili ndiyo watunzi wanayoidai. Mtunzi aliyeitoa kazi yake hadharani amekubali kuhukumiwa, na anastahili hukumu iliyo wazi, yenye sababu na ushahidi, ambayo yeye au mwingine anaweza kuikatia rufaa. Mhakiki asiyekuwa tayari kumpa hukumu hiyo hajamtendea upole. Amemnyima haki yake.